Hamsini kwa Hamsini

Asubuhi ya kusomewa kosa lake, Atuganile Sanga alivaa koti la kazi. Sekela, binti wa kaka yake ambaye pia ndiye aliyekuwa wakili wake, alikuwa amemletea gauni jeusi la heshima, limepigwa pasi likanyooka. Atuganile alilitazama mara moja tu, akalikunja, akalirudisha mfukoni.

"Shangazi, jaji ataona unaidharau mahakama."

"Jaji ataona fundi. Kwani mimi ni nani kama si fundi?"

Koti lenyewe lilikuwa la turubai la kijani, limepauka mabegani kwa miaka ishirini na sita ya jua na baridi ya kilele cha Ihela. Upande wa moyo lilikuwa na beji ya shaba yenye alama ya mlingoti. Katika nyanda za juu zote, waliokuwa na beji ile walikuwa watu wanne. Atuganile alikuwa wa kwanza kuivaa, na wawili kati ya watatu waliomfuata alikuwa amewafundisha yeye kwa mikono yake. Mmoja wa hao wawili, Lugano Mahenge, ndiye aliyekuwa akimshtaki.

Nje ya mahakama watu wa Ihela walishajaa. Walikuja na mabasi mawili, wamevaa masweta na vitenge, na walipomwona anashuka garini, wanawake walipasua vigelegele.

"Mama Mawingu! Mama Mawingu wetu!"

Alipita katikati yao kichwa juu, hakupunga mkono. Hakuwa mtu wa kupunga mkono. Lakini moyoni alijaa, kwani alikumbuka Ihela ilivyokuwa kabla ya mlingoti: mji wa milango yenye makufuli, wenyewe wamehama kutafuta kwenye unyevu. Sasa miteremko ilikuwa ya ngano na viazi hadi kwenye mawe. Bibi mmoja alimshika kiganja akambusu. "Turudishie kiini chetu, mwanangu," alimwambia. "Baada ya wiki tatu tunapanda."

*

Kiini ni kitu kidogo, hakizidi ngumi ya mtu mzima. Hukuzwa ndani ya chombo cha kioo kwa miaka tisa, tabaka juu ya tabaka, na mwishowe huwa na mlio wake. Sikio la mtu haliusikii, lakini unyevu uliomo hewani huusikia. Kikiwekwa juu ya mlingoti, mawingu huja.

Ila mawingu hayaumbwi na mlingoti. Huitwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo hubaki pakavu. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawingu iliupa kila mji idadi yake ya miito kwa msimu, na kila mlingoti ukafungwa kaunta ya kuihesabu.

Miaka miwili nyuma, kiini cha Kilambo, mji wa jirani, kilipasuka. Lugano, fundi wa Kilambo, alipanda hadi Ihela kumwona mwalimu wake, na wawili hao wakafanya mapatano ambayo kila mmoja wao alijua ni haramu. Wakati wa kiangazi Ihela ingeiazima Kilambo kiini chake kwa siri. Kilambo ingeita mvua kupita idadi iliyoruhusiwa, nusu ikainyeshee yenyewe, nusu ielekezwe kwenye miteremko ya Ihela. Kabla ya kupanda, kiini kingerudi kwao.

Mwaka wa kwanza kilirudi. Mwaka wa pili hakikurudi. Atuganile alipodai, alijibiwa kwa mstari mmoja: kama mna haki, nendeni mahakamani. Akaenda. Kilambo nayo ikafungua shauri lake juu ya lile lile, ikitaka kiini kitambuliwe kuwa chao.

Alichokuwa amesahau kwa hasira, Lugano alikuwa amekikumbuka kwa utulivu. Ilikuwa ni sheria fupi, iliyochongwa kwenye ubao juu ya kiti cha jaji: *Waliolingana katika kosa, mahakama haiingii kati yao.* Aliyeshika aendelee kushika.

*

Mzani, mashine ya mahakama ya kupima uzito wa kosa la kila upande, haukuwa na umbo la kutisha. Ulikuwa ukuta wa kijivu nyuma ya jaji, wenye mistari miwili ya taa, wa kushoto wa Ihela na wa kulia wa Kilambo. Kwa siku kumi na moja ulikuwa umelishwa kila kitu cha wale wawili: jumbe, safari, sauti zao walipokuwa wakiongea, usingizi wao, hata mara ambazo kidole cha kila mmoja kilisita kabla ya kutuma neno. Hakuna mwanadamu ambaye angekubali kuvuliwa nguo kiasi hicho bila kinga. Kwa hiyo sheria ilitoa kinga: shauri likifungwa kwa usawa, ushahidi wote hufutwa siku hiyo hiyo, na hakuna chombo kingine kinachoruhusiwa kuutumia.

Jaji Kibona, mama mnene mwenye miwani ya duara, aligonga meza mara moja.

"Mzani usomwe."

Taa zikapanda pande zote mbili, polepole, kama maji kwenye vikombe viwili. Ya kushoto ilitangulia, ya kulia ikaifikia, zikapitana kidogo, kisha zikatulia. Ukutani zikatokea namba.

Hamsini. Hamsini.

Watu wa Ihela waliguna kama mtu mmoja. Upande wa pili, Lugano alishusha pumzi na kufumba macho. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, nadhifu, kola imekaa sawa. Tangu shauri lianze hakuwahi kumtazama Atuganile usoni.

"Nieleze ili kila mtu aelewe," jaji alisema. "Wote wawili walijua ni haramu. Wote wawili walinufaika. Kosa zito kuliko yote ni la kaunta. Mtu fulani aliichezea ikawa inahesabu miito miwili kama mmoja. Mzani umeona kwamba imechezewa, lakini umeshindwa kuuona mkono uliofanya. Mkono usipojulikana, kosa hugawanywa nusu kwa nusu. Kila upande una neno la mwisho kabla namba hazijafungwa."

Wakili wa Kilambo alisimama, akatabasamu.

"Mheshimiwa, sisi hatuna la kuongeza. Ila nitasema jambo moja. Mtaalamu wetu amechunguza kaunta ile mwezi mzima, na kwa maoni yake hakuna fundi wa milimani huku anayeweza kazi ya namna ile. Pengine ni hitilafu ya kiwandani tu."

 Hitilafu ya kiwandani! Atuganile aliuma meno. Sekela alimgusa goti chini ya meza, akainuka haraka.

"Mheshimiwa, tunaomba nusu saa kabla ya neno letu."

*

Walikwenda kusimama nyuma ya jengo, penye bomba la maji. Sekela alifungua kishikwambi chake na kumwonyesha ujumbe mmoja.

"Soma huu, shangazi. Ni wa Lugano, wa siku nne kabla ya mapatano. 'Mwalimu, usiponisaidia, nitajua la kufanya.' Unaona? Hicho ni kitisho. Aliyetishwa hawi sawa na aliyetisha. Ukisema kwa kiapo kwamba uliogopa, Mzani utasogea. Hata pointi tatu zinatosha. Mlango wa mahakama kuingia kati unafunguka, kiini kinarudi nyumbani."

"Hakunitisha."

"Lakini aliandika."

"Aliandika akiwa amekata tamaa. Alimaanisha angeacha kazi aende pwani akauze simu. Alinipigia jioni ile akaniambia kwa mdomo wake, na mimi ndiye niliyemwambia asiende."

"Simu hiyo haikunaswa, haimo kwenye kumbukumbu. Mzani haujui."

"Mimi najua."

Sekela alishusha sauti. "Shangazi, wale waliokuja na mabasi mawili hawakuja kusikia unachojua. Watu elfu tisa wanangoja kupanda."

 Atuganile alifungua bomba anywe, na hapo ndipo alipomwona mwanamke aliyekaa kwenye ngazi, kifurushi cha kitambaa magotini. Alikuwa mrefu, miguu imepasuka visigino, amevaa kandambili katika baridi ile.

"Wewe ni wa Kilambo?" Atuganile aliuliza.

"Natoka bondeni," mwanamke alisema. "Naitwa Minza. Tunalima mpunga huko chini."

Alikifungua kifurushi. Ulikuwemo mpunga, umejaa vizuri kwa macho. Atuganile alichota kiganja akausugua. Maganda yalipasuka yakawa vumbi. Ndani hamkuwa na punje hata moja.

"Mapepe matupu," Minza alisema. "Mwaka wa pili huu. Mpunga unachanua, tunafurahi, halafu mvua ya kujaza punje haiji. Tukadhani ni Mungu. Halafu tukasikia kuna kesi ya mvua huku juu, wakanichagua nije nisikilize."

"Na umesikia nini?"

"Nimesikia nyie wawili mmelingana." Alisema bila ukali, kama anayesema bei ya chumvi. "Nikamwuliza karani kama naweza kusema neno. Akasema mlango ukifungwa, na mimi nafungiwa nje. Ushahidi unafutwa, hata Mamlaka haitajua. Yule kijana atabaki na jiwe lake na ataendelea kuita."

"Na mlango ukifunguliwa?"

"Karani anasema ukifunguliwa, mahakama inaangalia kila aliyeumia. Lakini haufunguki, si ndiyo? Mmelingana."

Alikifunga tena kifurushi kwa uangalifu, kana kwamba kilikuwa na kitu.

Atuganile alibaki na maganda kiganjani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameyatazama mawingu kutoka juu, akijua kila moja linatoka upande gani. Miito ile ya ziada ilitoka upande wa bonde. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Alilijua kama mtu anavyojua kuwa kuna chumba ndani ya nyumba yake ambacho haingii.

Akafikiri mambo matatu, moja baada ya jingine, kama alivyozoea kukagua mlingoti kuanzia chini. Akinyamaza, beji inabaki kifuani, jina linabaki, lakini Ihela inakosa kiini na Minza anarudi na maganda. Akidanganya, Ihela inashinda, naye anamzika mwanafunzi wake akiwa hai kwa kosa ambalo hakulitenda. Na jambo la tatu lilikuwa wazi, refu, lenye ngazi za kutosha, na hakuna ambaye angeweza kulipanda isipokuwa yeye.

"Twende ndani," alimwambia Sekela.

"Utasema alikutisha?"

"Mwanangu, wewe kaa tu. Neno la mwisho nitasema mwenyewe."

*

Alisimama kizimbani na koti lake la turubai, mikono nyuma.

"Mheshimiwa, nimeambiwa kaunta ile ni hitilafu ya kiwandani. Nimeambiwa hakuna fundi wa milimani anayeweza kazi ile. Nataka kuirekebisha kauli hiyo."

Sekela alijifunika uso.

"Mlio wa kiini una mwanzo, kilele na mkia. Kaunta inasikiliza mwanzo, ikiusikia inaandika moja. Mimi niliita mara ya kwanza, nikangoja hadi mkia uanze, dakika nne na sekunde kumi na moja, kisha nikaita mara ya pili kwa mlio ulioshushwa kidogo, ukapanda mgongoni mwa ule wa kwanza. Kaunta haikusikia mwanzo mpya. Ikaandika moja. Sikugusa hata skrubu. Ndiyo maana mtaalamu hakuona mkono. Hapakuwa na mkono, palikuwa na sikio, na sikio lenyewe ni hili." Aligusa upande wa kichwa chake. "Ilinichukua miezi saba kuipata. Nikaiandika kwenye kiini chenyewe, ndipo nikampa Lugano. Yeye alijua tu kwamba kaunta haitasema. Namna yake hakuijua, na hadi leo haijui."



"Na wazo la mapatano lilikuwa la nani?" jaji aliuliza.

"Langu. Alikuja kulia kwamba kiini chake kimepasuka na anataka kuacha kazi. Mimi ndiye niliyemwambia, kaa, nitakupa changu, tutaita zaidi. Nilitaka Ihela iwe ya kwanza milimani kuvuna mara mbili kwa mwaka. Nilitaka iandikwe kwamba ni kwa mlingoti wangu." Alivuta pumzi. "Na nilijua mvua ile inatoka bondeni. Lugano hakuwahi kusoma pepo za upande ule. Mimi ndiye niliyekuwa bado sijamfundisha."

Kwa mara ya kwanza Lugano aliinua uso akamtazama. Mdomo wake ulikuwa wazi.

Nyuma ya jaji, taa zilianza kutembea. Mstari wa kulia ulishuka, wa kushoto ukapanda, ukapita hamsini na tano, ukapita sitini. Watu wa Ihela walikuwa wanaitazama kama watu wanaotazama mto ukiingia nyumbani kwao. Ukasimama.

Sitini na sita. Thelathini na nne.

"Mama Sanga," Jaji Kibona alisema taratibu, "unajua umefanya nini?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimefungua mlango."

"Umeufungua dhidi yako."

"Mlango ni mlango. Kuna mtu amekaa kwenye ngazi huko nje na kifurushi. Naomba aingizwe."

*

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Minza alikuwa ameshasimama, ameshamimina maganda yake mezani mbele ya jaji, na hakuna aliyecheka.

Kiini, kwa kuwa kilikuwa mali ya Ihela tangu mwanzo, kingerudi kwenye mlingoti wake, chini ya muhuri wa Mamlaka. Lakini kabla Ihela haijaita wito hata mmoja kwa ajili yake, miito kumi na miwili ingeshushwa bondeni. Kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine aliyekijua kiini kile, ingeitwa na Lugano mwenye kosa dogo, akiwa amesimamiwa, na baada ya hapo naye angekaa misimu mitatu bila leseni. Atuganile Sanga hangepanda mlingoti tena maisha yake yote. Na kwa kuwa kosa kubwa lilikuwa lake, angekwenda bondeni na kuisoma hukumu hii kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya waliokosewa.

Karani alikuja kuchukua beji. Pini ikamshinda kijana yule. Atuganile akaifungua mwenyewe, akaifuta kwa ukingo wa koti, akampa.

Nje hapakuwa na vigelegele. Watu wa Ihela walimpisha njia. Wangechelewa kupanda, na kila mmoja alikuwa akihesabu wiki kichwani mwake. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Ametuaibisha." Bibi aliyembusu kiganja asubuhi alimgeukia mtu huyo.

"Ngano ya mara mbili ulikula wewe au hukula?"

Atuganile alipita kichwa juu, kama alivyoingia. Sekela alikimbia akamfikia, akamshika mkono, wakatembea hivyo hadi garini. Machozi yalikuwa yanamtoka binti yule.

"Ungeshinda, shangazi. Pointi tatu tu."

"Na wewe ungeshinda kesi yako ya kwanza kubwa kwa uongo wangu. Utashinda nyingine, ya kweli. Una sauti nzuri ya kusimamia watu."

*

Siku ya tisa baada ya hukumu walikusanyika juu ya tuta kuu la mashamba ya mpunga, watu mia tatu hivi, jua la saa saba likiwachoma. Mpunga ulikuwa umechanua. Atuganile hakuwahi kushuka bondeni maishani mwake. Hakujua kama huko chini kuna joto kiasi kile, wala kama udongo unapasuka mapana ya kuingia mguu. Hata hivyo alilivaa koti lake. Mahali pa beji, ambapo jua halikufika, palibaki kijani kilichokolea.

Aliisoma hukumu yote, neno kwa neno, bila kurusha mstari. Alipofika kwenye jina lake hakushusha sauti. "Atuganile Sanga, fundi wa Ihela, kwa kujua na kwa makusudi." Alipomaliza aliikunja karatasi.

"Huyo ni mimi," alisema. "Kama kuna mwenye swali, aniulize mimi."

 Mzee mmoja alitema mate chini. Mwanamke mwingine alisema kwamba dada yake alihama na watoto watano, na hajui walipo. Atuganile alimwomba majina yao, akayaandika. Kisha Minza, aliyekuwa amesimama kandokando yake, akauliza swali la mkulima.

"Haya, mama. Hiyo mvua yenyewe inafika saa ngapi?"

Atuganile aliinua macho kuelekea milimani. Kutoka huku chini mlingoti haukuonekana, lakini aliijua dakika ambayo Lugano angekuwa anaikaza mikanda, na dakika ambayo angeweka sikio. Kule juu, kwenye bega la mlima, weupe ulianza kukusanyika. Aliupima kwa vidole vitatu mbele ya jicho.

"Saa nane na robo," alisema.

Wengine waliguna kwa kutoamini. Lakini wingu lilishuka. Halikuja shaghalabaghala kama mawingu ya kujiendea. Lilikuja kwa mstari, tumbo limejaa, kivuli chake kikitambaa juu ya miamba, juu ya barabara, juu ya mashamba ya mwisho, likafika kwenye ukingo wa mpunga na kuanza kuachia. Upande wa kushoto wa tuta ulikuwa mvua, upande wa kulia ulikuwa jua, na mpaka kati yake ulinyooka kama pindo lililoshonwa kwa cherehani. Halafu mpaka ukasogea, ukawafikia, na watu wakapiga kelele. Wazee kwa watoto walifungua midomo juu.

Minza alikuwa akicheka huku maji yakimchirizika usoni. "Saa nane na dakika kumi na tatu!" alipaza sauti. "Umekosea, mama!"

Atuganile alisimama ndani ya mvua ile aliyolinyima bonde miaka miwili, koti likizidi kuwa zito mabegani, na aliutazama ule ukingo ulionyooka ukivuka shamba hadi shamba. Hakuna tone lililopotea nje ya mipaka. Hata yeye, katika siku zake nzuri, hakuwahi kulishusha wingu safi kiasi kile.

"Sikukosea mimi," alisema. "Amewahi yeye. Yule ni mwanafunzi wangu."